Kwenda Kupagasa: Bwisha na Kazi za Mbali

Ukitoka Goma kuelekea kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2, unapita Kibumba, Rugari na Rumangabo kabla ya kufika Kalengera, pale njia ya Tongo inapochepuka kushoto na barabara kubwa kuendelea hadi Rubare na Rutshuru. Ni nchi ya udongo mweusi wa volkano, ya maharagwe, mahindi na viazi, yenye misimu miwili ya kupanda kila mwaka. Nchi yenye rutuba hivyo haiachwi kirahisi. Hata hivyo usultani wa Bwisha, ambamo Kalengera imo, umekuwa ukiwatoa watu wake kwenda kazi za mbali kwa karibu miaka mia, na lugha yao imetunza hesabu waliyokuwa wakiipiga kabla ya kuondoka. Katika Kinyabwisha, ndugu wa Kinyarwanda, kuna gusuhuka, yaani kuhama kwa sababu njaa imeingia nyumbani, na kuna gupagasa, yaani kwenda mbali kutafuta ujira. Anayesuhuka hana la kuchagua. Anayepagasa amekaa na wake nyumbani, wakapima, wakakubaliana. Neno hili la pili limetokana na mpagazi wa Kiswahili, yule mbeba mizigo wa misafara, na mpagazi alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Hata Luganda imelichukua: okupakasa, kufanya kibarua. Hilo la kurudi ndilo nitakaloshikilia hapa. Nadhani watu wa Bwisha na majirani zao hawakuipima kazi ya mbali kwa mshahara kwanza. Waliipima kwa kuuliza: nikigundua kwamba nimekosea, nitaweza kuamua tena?

Kwanza inafaa kueleza kwa nini mtu mwenye shamba zuri alihitaji ujira. Mwaka 1910 Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka katika nchi ya volkano, zikamega watu wa lugha moja vipande vitatu: Bufumbira ikaenda Uganda, Bwisha ikabaki Kongo, Mulera ikawa Rwanda. Mwaka huohuo Kongo ya Kibelgiji ilitunga sheria za kodi ya kichwa ya kulipwa kwa fedha taslimu, na mwaka 1917 yakafuata mazao ya lazima. Maharagwe hayakuwa fedha, na mtoza kodi hakupokea mtama. Kisha ardhi yenyewe ikaanza kupungua. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Kwanza alianzisha mbuga iliyobeba jina lake, ya kwanza ya taifa katika Afrika, ile tunayoiita Virunga tangu 1969. Ilipanuliwa kati ya 1929 na 1935 hadi ikakaribia hekta 800,000, na makao yake yakawekwa Rumangabo, jirani kabisa na Kalengera. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyowagawia walowezi ardhi kwa kahawa, kwinini na pareto. Kwa muda wa miaka kama ishirini hivi, mkulima wa Bwisha alijikuta na deni la kodi upande mmoja na mpaka wa mbuga au wa mlowezi upande wa pili.

Hapa msomaji makini atanizuia. Atasema kwamba mtu aliyebanwa na kodi, kiboko na kazi za shuruti haamui chochote, na kumwita mwenye uamuzi ni kuupamba ukoloni. Ni pingamizi zito na silipuuzi. Nchini Rwanda shuruti ile iliitwa akazi, neno lililotokana na kazi ya Kiswahili, na uchungu wa neno hilo haujaisha mpaka leo. Lakini tutenganishe mambo mawili. Serikali ilimlazimisha mtu apate faranga. Haikufaulu kumlazimisha azipate wapi, ingawa ilijaribu sana. Sheria ya Kongo ilidai kwamba mtu anayetoka kwenye usultani wake kwa zaidi ya siku 30 mfululizo awe na pasi ya kuhama kutoka kwa mkuu wa wilaya. Hebu tuitazame karatasi hiyo kwa karibu: ilitaja jina, usultani alikotoka na mahali aendako, na mwenye kusimamishwa njiani bila hiyo aliweza kuadhibiwa na kurudishwa. Serikali haitungi karatasi kama hiyo kwa watu wasio na pa kwenda. Inaitunga kwa sababu watu wanakwenda isikotaka waende. Kwa kweli milango ilikuwa mitatu: shamba la mlowezi jirani, Uganda, na migodi ya Katanga. Tukiangalia ni upi uliojaa watu, tutajua walivyokuwa wakipima.

Mlango wa Uganda ndio uliojaa. Tangu miaka ya 1920 wanaume wa Rwanda na Urundi, na pamoja nao Wafumbira na watu wa Kivu waliokuwa wakivuka Bunagana, walifuata njia ya Kisoro, Kabale, Mbarara na Masaka hadi Buganda, ambako wakulima wa pamba, na baadaye wa kahawa, walihitaji mikono. Ni mwendo wa mamia ya kilometa, na wengi waliutembea kwa miguu, wakiwa wamefunga chakula cha siku za mwanzo na kulala njiani walikopokelewa. Makumi ya maelfu waliingia kwa mwaka kwa njia za kusini-magharibi. Mwanaanthropolojia Audrey Richards na wenzake waliwachunguza na kuchapisha kitabu kizima juu yao mwaka 1954. Njaa ya 1928 na 1929, iliyoitwa Rwakayihura, na ile ya 1943 na 1944, Ruzagayura, ziliongeza msururu. Lakini katika miaka ya shibe pia njia haikukauka, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba hii haikuwa kusuhuka tu.

Kazi yenyewe Buganda ilikuwaje? Mgeni alifikia kwa mkulima Mganda, akapewa pa kulala na chakula, akalima kwa kipande au kwa mwezi. Hapakuwa na mkataba wa miaka, wala mhuri, wala mzani wa daktari. Akichoka na bwana huyu alihamia kwa yule wa kilima cha pili. Akipata fedha za kodi, blanketi, nguo za mke na kitu cha kuongezea mahari ya ndugu yake, alirudi nyumbani, na mwakani akaja tena au akamtuma mdogo wake. Wengine walikaa miezi tu, wengine mwaka au miwili. Kila msimu wa kupanda ulikuwa nafasi ya kujiuliza upya. Mambo yakiharibika nyumbani, kwa ugonjwa wa mzazi au ugomvi wa mpaka wa shamba, habari ilipita mdomo kwa mdomo katika msururu uleule wa waendao na warudio, na mtu aliweza kushika fimbo yake kesho asubuhi bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Mlango wa Katanga ulikuwa na sura nyingine kabisa. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa na njaa ya wafanyakazi isiyoshiba, na kati ya 1925 na 1929 ilitafuta watu Ruanda-Urundi, ikawachukua maelfu kadhaa. Fikiria safari ya mtu wa nyanda za juu za Kivu miaka hiyo. Anashuka hadi Ziwa Tanganyika, anavuka kwa meli hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Hapo anapanda gari moshi mpaka Kabalo kwenye mto Lualaba. Reli inaishia hapo, kwa maana kipande cha kuiunganisha na Kamina hakikuwapo mpaka 1956. Basi anaingia tena melini, anapanda mto hadi Bukama, na Bukama ndiko anakopata gari moshi la pili la kumfikisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kwa mstari ulionyooka tu ni zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Goma. Hakuna mtu atakayezitembea akirudi peke yake kwa sababu amesikia mama yake anaumwa. Huko mbele chakula ni unga wa mahindi kwa mtu aliyezoea maharagwe na viazi vitamu, magonjwa ya kifua na ya tumbo yalikuwa yakiua wageni kambini, na tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilishika sera ya kuwaweka watu kwa mikataba ya miaka mitatu pamoja na wake zao na watoto.

Sera hiyo imesifiwa sana, na si bila sababu. Familia zilikaa pamoja, vifo vilipungua, watoto walisoma, na kambi zile ndizo zilizokikuza kile Kiswahili cha Lubumbashi tunachokisikia mpaka leo. Lakini tuisome kwa macho ya mtu wa Bwisha anayepima. Alipokwenda Buganda aliacha mke shambani, na mke yule ndiye aliyekuwa njia yake ya kurudi: alipanda, alivuna, alisimama kwenye mpaka jirani aliposogeza jiwe. Mwajiri anayekuambia uje na mke na watoto kwa miaka mitatu anakupa faraja kubwa, na palepale anakung'olea nguzo iliyoshika nafasi yako nyumbani. Wakuu wa kampuni walijua wanachofanya. Walitaka mfanyakazi ambaye nyumbani kwake pawe kambini. Kisha ulipokuja mdororo wa uchumi wa dunia, bei ya shaba ikaanguka, na katika miaka miwili mitatu kampuni ikapunguza wafanyakazi wake kwa zaidi ya nusu na kuwarudisha maelfu makwao. Waliozuiwa kurudi walipotaka walirudishwa wasipotaka. Kurudi kulikuwapo, ila kulikuwa mkononi mwa mwingine.

Kuna watakaosema kwamba yote haya ni mshahara tu: Uganda ililipa kwa shilingi yenye nguvu, Wabelgiji walilipa kidogo. Kweli, kati ya Uganda na shamba la mlowezi wa Kivu, tofauti ya ujira iliwavuta wengi, na uhuru wa kutochapwa ukawavuta zaidi. Lakini kati ya Uganda na Katanga hoja hiyo haisimami. Kwa kuangalia karatasi, Katanga ilitoa vingi: nyumba, posho ya kila juma, hospitali, hata msaada wa mahari kwa kijana asiyeoa. Mkulima wa Buganda hakuwa na hospitali ya kumpa mtu. Kama mshahara ungekuwa ndio mizani, Union Minière isingehitaji mawakala wa kupita vilima kwa vilima wakisaidiwa na serikali na machifu, wakati Buganda ilijaa watu bila wakala. Tofauti iliyobaki ni ile ya mtu kuweza kugeuka. Inafaa kukumbuka kwamba hata Shirika la Kazi la Kimataifa, lilipopitisha mwaka 1936 mkataba wake namba 50 juu ya uandikishaji wa wafanyakazi wenyeji, liliingiza sharti kwamba, katika hali fulani, mwenye kuandikishwa arudishwe kwao kwa gharama ya aliyemwandikisha au ya mwajiri. Walioandika sharti hilo Geneva walikuwa wamegusa jambo ambalo mkulima wa Bwisha alilipima bila kalamu.

Mlango wa karibu, ule wa mashamba ya walowezi, ndio uliozaa historia nzito kuliko yote, na hapa sitapita haraka. Walowezi wa Kivu walilia kwamba hawana wafanyakazi, kwa sababu Wahunde wa Masisi hawakuona faida ya kuacha mashamba yao. Jibu la serikali, mwaka 1937, likawa kuunda chombo cha kuwahamishia Wanyarwanda Kivu, kilichojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, MIB. Kilifanya kazi mpaka 1955. Wanahistoria hukadiria kwamba kiliwahamisha watu kama 25,000 hadi 1945, na kama 60,000 wengine kati ya 1949 na 1955, wengi wao Masisi, hasa Gishari. Ahadi ilikuwa tofauti na ya Katanga: njoo na familia, utapewa shamba, na ng'ambo ya kilima kuna kazi kwa mlowezi. Kwa mtu wa Rwanda aliyekuwa na kishamba kidogo na njaa nyuma yake, ahadi hiyo ilijibu karibu maswali yote. Kwao si mbali, lugha inasikika, udongo ni mzuri, familia iko pamoja. Nani angemlaumu aliyekubali?

Kilichokosekana hakikuonekana siku ile. Ardhi aliyopewa ilitwaliwa kwa Wahunde kwa makubaliano ambayo machifu wao waliyaona kuwa ya kulazimishwa na fidia yake kuwa ndogo, na usultani wa Gishari uliowekwa kwa ajili ya wageni ulifutwa 1957. Uraia wao uliwekwa kwenye kalamu ya serikali: sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia wa Zaire waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1960, na sheria ya Juni 1981 ikawanyang'anya. Machi 1993 mapigano yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakaingia Masisi na kuua maelfu. Nasema hili kwa uangalifu, kwa sababu mtu wa Bwisha ambaye babu zake walikuwapo kabla ya mipaka ya 1910 ametiwa kwenye kapu moja na aliyehamishwa 1950, na wote wawili wameumizwa. Kosa la uhamisho wa MIB halikuwa la familia iliyofuata kazi na shamba, wala la Mhunde aliyelia ardhi yake. Lilikuwa la serikali iliyotoa ahadi kwa mali isiyo yake, na kumfungia aliyehama njia ya nyuma bila kumhakikishia ya mbele.

Sasa kuna ushahidi unaoonekana kunipinga, na ni wa Buganda kwenyewe. Wengi sana waliokwenda kupagasa kwa mwaka mmoja hawakurudi kabisa. Walipata kibanja, yaani shamba la mpangaji, kwenye ardhi ya mailo, ile ya wamiliki binafsi wa Buganda, wakaoa, wakajiita majina ya Kiganda, wajukuu zao leo husema Luganda tu. Kama njia ya kurudi ndiyo iliyokuwa mizani yao, mbona hawakuitumia? Nadhani jibu liko katika namna walivyobaki. Hakuna siku moja waliyoamua kuhama Bwisha milele. Walibaki msimu huu, wakaenda nyumbani kuzika au kuoza, wakarudi, wakabaki msimu mwingine, wakaita mdogo wao, mpaka siku ambayo kibanja cha Masaka kilikuwa kimekuwa kwao zaidi ya shamba la Jomba, kule Bwisha. Uamuzi mkubwa ulivunjwa vipande vidogo, na kila kipande kiliwezekana kurekebishwa. Mtu wa Katanga alifanya uamuzi wote mara moja, siku alipobandika kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Kubaki kwa hiari na kubaki kwa kukosa nauli hufanana kwenye daftari la sensa, lakini si jambo moja.

Pingamizi la mwisho ni la leo. Wanasema umbali umekufa: kuna simu, kuna pesa za kutumiana kwa simu, kuna ndege. Kijana wa Kalengera mwenye diploma anayeitwa na shirika kufanya kazi Kalemie au Kinshasa, au anayefikiria machimbo ya Kolwezi, huongea na mama yake kila jioni; ana haja gani ya kupiga hesabu za 1928? Laiti ingekuwa hivyo. Tangu mwisho wa 2021 vita vya waasi wa M23 vimepita juu ya barabara hii hii ya namba 2. Oktoba 2022 Rutshuru na Kiwanja vilitekwa, na watu wa njia yote wakakimbilia Kanyaruchinya na kambi nyingine za pembeni ya Goma. Mwisho wa Januari 2025 Goma nayo ikaanguka, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Aliyekuwa Kinshasa kikazi wakati huo alimsikia mama yake kwenye simu vizuri kabisa, na hakuwa na njia ya kumfikia. Simu imefupisha sauti. Mwili bado unahitaji barabara, na barabara ya Kivu bado iko mikononi mwa watu wengine, kama gari moshi la Bukama.

Wala shamba halijapata ulinzi mpya. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya serikali, ikasema kwamba haki za wanaokaa kwa mila zitapangwa na amri ya rais. Kwa miongo kadhaa amri hiyo haikutolewa. Kwa hiyo shamba la maharagwe linaloachwa Kalengera na anayekwenda kazini mbali halina hati. Lina mashahidi tu: baba aliyelirithi, jirani anayejua jiwe la mpaka liko wapi, mnyampara wa kijiji. Mashahidi hao wakikimbia vita au wakifa, aliyeko mbali hana cha kuonyesha. Ndiyo maana nyumba nyingi za huko, zinapokaa kuamua kumpeleka mtoto mmoja kwenye kazi ya mbali, huamua katika kikao hichohicho ni mtoto yupi atakayebaki, na huyo anayebaki hupewa sehemu katika mshahara wa yule aliyekwenda.